Nilipata 9 kati ya 24: je, mimi ni mtu wa kutazamia mabaya?

"Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, umri miaka 41, mama wa watoto watatu. Mwezi uliopita tulifanyiwa semina kazini, mwezeshaji akatugawia dodoso fupi la kupima kama mtu anayatazama maisha kwa matumaini au la. Kwenye sentensi za kutegemea mema nilijaza 'katikati', maana nani ajuaye ya kesho isipokuwa Mungu. Kwenye zile za kutegemea mabaya nilijaza 'nakubali'. Nikapata 9 kati ya 24. Mwezeshaji akasema walio chini ya 14 ni watu hasi, wanafukuza baraka, na utafiti umeonyesha wanakufa mapema. Mume wangu nilipomsimulia alicheka, akasema hilo alishalijua. Yeye anataka nikope kwa mshahara wangu tufuge kuku chotara 300, na kila akilitaja mimi nauliza, ugonjwa wa mdondo ukiingia je? Miaka mitatu iliyopita akiba yetu yote tuliiweka kwenye mahindi, yakaliwa na dumuzi. Tangu hapo naona kila tukigusa kitu kinaharibika. Kwenye maombi wananiambia nisikiri mabaya. Je, nimezaliwa hivi? Naweza kubadilika bila kujidanganya? Na ni kweli nitakufa mapema? Samahani kwa barua ndefu, siku hizi naamka saa tisa usiku na silali tena, ndiyo maana nimepata muda wa kuandika. Hata kwaya nimeacha tangu mwezi wa nne, sina hamu."

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia mwisho. Umeniuliza maswali matatu kuhusu tabia yako, kisha ukaomba samahani na kutaja kama jambo dogo kwamba hulali na umeacha kuimba. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyonigusa kuliko ile 9, na nitayarudia kwa kirefu. Ila najua huwezi kunisikiliza vizuri ukiwa bado umebeba hukumu ya semina, kwa hiyo tuanze nayo.

Kwa jumla ya 24 uliyoitaja, naamini mlipewa dodoso la wanasaikolojia wa Marekani Michael Scheier na Charles Carver. Walitunga la kwanza mwaka 1985, wakalirekebisha na kulifupisha mwaka 1994. Lina sentensi 10, lakini nne kati ya hizo hazihesabiwi kabisa. Zimewekwa ili mjazaji asigundue haraka kinachopimwa. Zinazobaki ni sita. Tatu zinasema mtu hutegemea mema, tatu zinasema hutegemea mabaya. Kila sentensi ina alama 0 hadi 4, na zile za mabaya hugeuzwa: ukikubali sana unapata 0, ukikataa kabisa unapata 4. Wewe kwenye za mema ulijaza katikati mara tatu, hiyo ni 6. Kwenye za mabaya ulikubali, kila moja ikakupa 1, jumla 3. Hapo ndipo 9 ilipotoka.

Sasa itazame tena hiyo 6. Uliijaza katikati kwa sababu uliona kusema "mimi nategemea mema yatanifika" ni kujitwalia kazi ya Mungu. Hapo ulijibu kwa adabu ya dini uliyolelewa nayo, na dodoso halina kisanduku cha "Mungu akijalia". Nimeona pia watu wakijikwaa kwenye sentensi za aina ya "ni mara chache nategemea mambo mema yanifike", ambapo anayekataa ndiye mwenye matumaini. Ukiijaza haraka, kwenye ukumbi wa semina, chai inasubiri, ni rahisi kutia alama upande usiouamini. Sisemi dodoso ni bovu. Limetumika kwa watu wengi sana na ni chombo kizuri cha kulinganisha makundi. Ila lilitungwa kwa ajili ya utafiti, na waliolitunga wenyewe hawakuweka mpaka wa nani ana matumaini na nani hana. Kwao ni mstari mmoja mrefu, watu wamepangana juu yake. Huo mpaka wa 14 haukutoka kwao. Na kumtangazia mtu mbele ya wenzake kwamba anafukuza baraka kwa sababu ya sentensi sita ni kumkosea, nasema hivyo bila kuzungukazunguka.

Kinachopimwa hasa ni kitu kimoja: kwa ujumla, unategemea mambo yako yaende vizuri au vibaya? Uzuri wa moyo wako hauonekani humo, wala imani yako, wala akili. Na sababu ya wataalamu kujali jambo hilo ni hii. Mtu anayeamini jitihada yake italeta kitu huendelea kujitahidi hata pakiwa pagumu. Anayeamini haitaleta kitu hulegea, huahirisha, huacha. Yule wa kwanza humaliza dozi, hurudi kliniki, huomba msaada mapema. Faida kubwa ya matumaini inapita njia hiyo ya mikono na miguu, na ndiyo maana mtu anayesema maneno matamu bila kufanya lolote hapati faida hiyo.

Sasa habari ya kufa mapema. Utafiti upo. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wauguzi wanawake karibu 70,000 na wanaume zaidi ya 1,400 waliowahi kuwa wanajeshi, kwa miaka mingi. Waliokuwa juu kabisa kwa matumaini waliishi, kwa wastani, asilimia 11 hadi 15 zaidi ya waliokuwa chini kabisa. Huo ni wastani wa makundi makubwa yaliyosimama kwenye ncha mbili. Hautabiri maisha ya mwalimu mmoja mwenye 9. Wala hauthibitishi kwamba matumaini yenyewe ndiyo yaliyoongeza miaka, ingawa watafiti walijitahidi kuzingatia magonjwa, sonona (unyogovu) na mienendo ya maisha. Mwezeshaji angeweza pia kuwaambia jambo lililochapishwa mwaka 2021, Scheier mwenyewe akiwa miongoni mwa waandishi, baada ya kukusanya na kuchambua upya tafiti nyingi: kwa afya ya mwili, kutokuwa na mazoea ya kutegemea mabaya kulikuwa na uzito zaidi kuliko kuwa na matumaini mengi. Kwako maana yake ni nafuu. Si lazima ugeuke mtu wa kuchangamka na kutangaza ushindi kila asubuhi. Ile 6 yako ya katikati unaweza kuiacha ilivyo. Tunayotaka kuishughulikia ni ile 3.

Je, umezaliwa nayo? Kwa sehemu. Utafiti wa mapacha nchini Sweden, uliochapishwa mwaka 1992 na kuhusisha hata mapacha waliolelewa nyumba tofauti, ulikadiria kwamba karibu robo ya tofauti kati ya watu katika jambo hili inatokana na urithi. Sehemu kubwa inayobaki ni maisha yenyewe: nyumba uliyokulia, shida ulizopitia, na namna ulivyojifunza kuzieleza. Hilo la kuzieleza ndilo ninalotaka tukae nalo, kwa sababu barua yako imelitaja bila wewe kujua.

Umeandika: "kila tukigusa kitu kinaharibika." Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kushtuka huko kuna akili ndani yake. Lakini sikiliza sentensi yako. "Kila" imekusanya mambo yote. "Tukigusa" imewaweka ninyi kuwa chanzo. "Kinaharibika" haina mwisho, ni jana, leo na kesho. Mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake walieleza tangu mwaka 1978 kwamba mambo matatu ndiyo ya kuangaliwa mtu anapoeleza baya lililomfika: je, anaona sababu ni yeye au ni jambo la nje, je, anaona litadumu au litapita, na je, anaona limeenea kote au limeishia pale pale. Msiba mmoja ukielezwa kwa namna mbaya kwa yote matatu, unakuwa sheria ya maisha.

Sasa elezea mahindi yale kama mwalimu wa sayansi. Mlihifadhi kwenye mifuko gani? Yalikuwa yamekauka kweli? Kuna mtu aliyekuwa akifungua kuangalia? Dumuzi ni mdudu. Anahitaji hewa, na ndiyo maana nafaka iliyokauka vizuri ikifungwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, mdudu hufa humo humo. Kwa hiyo huenda sentensi ya kweli ni hii: "Mwaka ule tulihifadhi mahindi bila kinga ya kutosha, tukapoteza akiba." Inauma vile vile, na hasara ni ile ile. Lakini ina tarehe, ina mahali, ina sababu, na kuku hawamo. Sikuombi useme lililotokea lilikuwa jema. Nakuomba uliseme kwa ukubwa wake na usilizidishe.

Hapa nitaongeza jambo moja ambalo mimi mwenyewe nilipolisoma lilinibadilishia namna ya kuwatazama watu wanaokuja kwangu. Mwaka 1967 Seligman na Steven Maier walionyesha kwamba mbwa waliopigwa shoti ya umeme wasiyoweza kuizuia, baadaye walikaa tu hata walipopewa njia ya kutoka. Ikasemwa wamejifunza kukata tamaa. Karibu miaka 50 baadaye, mwaka 2016, wote wawili waliandika kwamba uchunguzi wa ubongo umewageuza mawazo: kulala chini mbele ya mateso ya muda mrefu ndiyo hali ya asili ya mwili, haihitaji kufundishwa. Kinachofunzwa ni kutambua kwamba nina uwezo juu ya jambo hili. Basi ukijiona umenyong'onyea baada ya hasara, usijione umeharibika tabia. Mwili umefanya ya asili. Unaohitaji ni ushahidi mpya, mdogo mdogo, kwamba ukifanya jambo, matokeo yanabadilika.

Nije kwenye swali lako la mdondo, ambalo mumeo analiona ni laana na mimi naliona ni swali la mfugaji. Wapo watu ambao kuwaza mabaya ndiyo namna yao ya kujiandaa. Wanasaikolojia Julie Norem na Nancy Cantor waliandika habari zao mwaka 1986: wanashusha matarajio, wanapitia kila kinachoweza kwenda kombo, kisha wanakwenda kukiziba. Ukiwalazimisha wachangamke, kazi yao huharibika. Hata Biblia unayoisoma, Luka 14, inamsifu anayetaka kujenga mnara kwa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Kuhesabu gharama si kukiri mabaya.

Ila jipime kwa ukweli: ukiuliza "mdondo ukiingia je?", unasubiri jibu? Jibu lipo. Chanjo ya mdondo ya matone ya jichoni ipo, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na ofisa mifugo wa kata anaweza kukueleza ratiba na bei. Ukilipata jibu hilo ukaendelea na swali linalofuata, la soko, la chakula cha kuku, la marejesho kwa mwezi, basi hofu yako inafanya kazi ya maana na nyumba yenu inaihitaji. Lakini ukipata jibu moyo ukaruka hapo hapo kwenye hofu nyingine, na nyingine, bila hata moja kufungwa, basi huo si mpango tena. Ni hofu inayozunguka, na imekuchosha.

Mumeo naye namheshimu, lakini kicheko chake hakikumpima yeye. Mwaka 1980 mwanasaikolojia Neil Weinstein aliwauliza wanafunzi wa chuo Marekani kuhusu maisha yao ya mbele. Kwa wastani walijiona wana nafasi kubwa kuliko wenzao ya kufikwa na mema, na ndogo ya kufikwa na mabaya. Haiwezekani wote wawe juu ya wastani. Kuku 300 kwa mara ya kwanza, kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara wa mtu mmoja, ni jambo ambalo mtu mwenye alama 24 angefanya vizuri kuliuliza. Mngeweza kuanza na 50 kwa fedha mliyo nayo. Hiyo ni rai yangu tu, na mtaalamu wa mifugo anijuze zaidi.

Unaweza kubadilika bila kujidanganya? Ndiyo, ila kwa kiasi, na polepole. Kurudia maneno ya ushindi usiyoyaamini sikushauri. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen na mwenzake, katika utafiti wa mwaka 1991 wa wanawake waliokuwa wakipunguza uzito, walikuta jambo la kufikirisha: walioamini watafanikiwa walipungua zaidi, lakini waliokaa wakijipa picha tamu za mafanikio walipungua kilo chache kuliko wenzao. Picha tamu hushibisha kabla ya chakula. Njia aliyoijenga Oettingen baadaye ni kuweka vitatu pamoja: unalotaka, kisha mara moja kizuizi kikubwa kilicho ndani yako, kisha "kikitokea hiki, nitafanya hivi." Kwa mfano: nataka kuzungumza na mume wangu kuhusu mkopo bila kugombana, kizuizi ni kwamba akicheka mimi hununa, akicheka, nitamwonyesha karatasi ya hesabu na kumwomba ajaze safu moja. Lipo pia zoezi la kuandika kwa dakika 20, siku kadhaa, maisha yako mambo yakiwa yameenda vizuri kadiri inavyowezekana. Mwanasaikolojia Laura King alilijaribu mwaka 2001 na wengi wamelirudia. Husaidia kiasi, na msaada hufifia usipoendelea.

Lakini sitaki uanze zoezi lolote kati ya hayo leo, na sasa nafika nilikoanzia.

Ukiniambia "tangu utoto mimi ni mtu wa tahadhari", hiyo ni tabia. Ukiniambia "tangu mwezi wa nne sina hamu ya kwaya", hayo ni mabadiliko, na mabadiliko yana chanzo. Kuamka saa tisa usiku bila kurudi kulala, kukosa hamu ya jambo ulilolipenda, kuona mbele kumefungwa: vikikaa pamoja zaidi ya wiki mbili, kwa siku nyingi kuliko chache, mtaalamu lazima afikirie sonona, ambayo wengine huiita unyogovu. Kwetu watu husema tu "ana mawazo", wakaishia hapo. Sonona ni ugonjwa, na moja ya kazi zake ni kupaka rangi nyeusi kila swali linaloanza na "kesho". Mtu aliye nayo akijaza dodoso la matumaini, alama hushuka, kama vile mwenye homa akipima joto. Inawezekana kabisa kwamba semina ile ilipima ugonjwa ikauita tabia.

Siwezi kukupima kwa barua. Ninaloweza kukuambia ni kwamba usisubiri. Nenda hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, uliza kliniki ya afya ya akili. Kama haipo karibu, anzia kwa daktari wa kawaida kituo cha afya. Huko huenda utaulizwa maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, juu ya usingizi, hamu, nguvu, chakula, kujilaumu na kadhalika. Dodoso hilo lina alama 0 hadi 27, na kuanzia 10 mtaalamu huketi na kuchunguza zaidi. Aangalie pia damu na tezi la shingo, na aulize hali ya hedhi yako, kwa sababu upungufu wa damu, tezi linalofanya kazi kidogo na mabadiliko ya umri wako vyote vinaweza kuleta uchovu na kuvuruga usingizi au moyo. Ikionekana ni sonona, inatibika: kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au vyote viwili. Dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, usiikatie tamaa siku ya nne. Na kwenda huko si kupungukiwa na imani. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu "hata lini", na mwenye kuuliza hakufukuzwa.

Kuna swali ambalo lazima nikuulize waziwazi, kwa sababu hukuligusa: je, usiku huo wa saa tisa hukujia mawazo kwamba afadhali usingekuwepo, au ya kujidhuru? Kama yanakuja, usisubiri siku ya kliniki. Mwamshe mumeo, au mwambie dada yako, au yeyote unayemwamini, akupeleke hospitali yoyote siku hiyo hiyo, na usikae peke yako. Kuulizwa hivi hakumpandikizii mtu wazo hilo. Walio nalo mara nyingi huona nafuu kwamba hatimaye limetajwa.

Uamuzi wa mkopo uahirishwe hadi uwe unalala. Mweleze mumeo kwamba hukatai, umeomba muda. Kwaya nayo, Jumamosi hii nenda ukakae benchi la nyuma, usiimbe, usikilize tu, urudi nyumbani. Katika sonona hamu mara nyingi huja nyuma ya tendo, hivyo usiingoje ikutangulie. Na kabla ya kwenda kliniki, chukua karatasi uandike saa unazoamka kwa siku saba, na tarehe ya mwisho uliyoimba. Ukifika kwa daktari, mpe karatasi hiyo kwanza. Ya ile 9, akikuuliza, utamweleza baadaye.